Moto Juu, Moto Chini: Shajara ya Oveni Ndogo Kwenye Gari la Kulala

Oktoba, vuli imeanza

Gari ni Toyota HiAce ndefu ya paa la juu, iliyokuwa matatu ya abiria 14 kabla haijafika mikononi mwangu. Viti vimetoka, kitanda kimeingia, sinki ipo, na jiko la gesi la bana mbili, yaani vichwa viwili vya moto, liko mahali pake. Kilichobaki ni mwanya ulio chini ya jiko, upana wake kama sentimita 50, na kila anayelichungulia gari ana rai yake kuhusu mwanya huo. Wengi wanasema friji. Lakini kisanduku cha baridi cha volti 12 nilicho nacho kinatosha samaki wa siku moja na maziwa ya chai. Mimi nataka oveni. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, kwenye nyumba ambayo mikate ilikuwa ikitoka jikoni alfajiri na kubebwa kwa sinia, na safari ya kula boflo la dukani siku zote sioni raha yake.

Oveni itakuwa ya gesi, na sababu ni hesabu tu. Oveni ndogo ya umeme hula kama wati 1,500. Ukiilisha kwa betri ya volti 12 kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, betri inavutwa ampea 125, na bado hujahesabu kinachopotea ndani ya inveta yenyewe. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama unataka ikuishie miaka, hushuki chini ya nusu. Zinabaki 600, nazo ni dakika 24 za kuoka. Kwa dakika hizo mkate ndiyo kwanza unaanza kujaa. Kilo moja ya gesi ya kupikia, yenyewe, ina nishati ya karibu kilowati-saa 12.8, na mtungi mdogo wa kilo 6 unabeba zaidi ya 76. Paneli za sola zilizo juu ya paa zitabaki na kazi ya taa, feni na simu.

Oveni niliyoipata imetumika, imetolewa kwenye karavani iliyokuja kutoka Uingereza. Ndani ni kama lita 30. Ina bana moja upande wa chini nyuma, bati nene juu yake la kutawanya mwali, rafu mbili za waya na mlango wa kioo. Moto wa juu haina. Kibandiko cha nyuma kinasema kilowati 1.5 na shinikizo la milibari 30. Nilichokitafuta kabla ya kulipa ni kile kijiti chembamba kinachokaa ndani ya mwali, themokapo. Mwali ukizimika kijiti kinapoa, na kikipoa vali inaifunga gesi yenyewe. Ndani ya gari upepo mmoja wa mlangoni unaweza kuzima moto usijue, kwa hiyo oveni isiyo na kijiti hicho singeichukua hata ya bure.

Novemba, kufunga

Kazi imefanyika kwa mafundi wa jua kali, Changamwe. Fundi ni kijana mwenye mkono safi, anakunja bati bila kuacha kona kali, na kila kitu anataka kujua ni cha nini kabla hajashika msumeno.

Tumebishana kuhusu sakafu. "Ami, ukitoboa hapa vumbi litakujaa lote," aliniambia, na kweli vumbi la barabara linaingia popote. Nikamweleza: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni mara moja na nusu, butani ni mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa pale pale tunapolala. Lazima iwe na njia ya kutokea chini. Tukatoboa tundu mbele ya oveni na jingine kwenye sanduku la mtungi, tukaweka wavu wa chuma na kikombe cha bati kwa chini kinachozuia matope ya gurudumu. Vumbi nitalifagia.

Mtungi una sanduku lake nyuma, limezibwa kabisa upande wa ndani na linafunguliwa kwa nje tu. Kutoka hapo kuna mpira mfupi wa gesi, kisha bomba la shaba chini ya sakafu, kisha vali ya kuzimia ninayoifikia nikiwa nimekaa kitandani. Klipu ni za skrubu. Regulata nimechagua iliyoandikwa shinikizo lile lile la kibandiko cha oveni, maana oveni ikipewa shinikizo isilolijua mwali wake hautulii. Kila kiungo kimepakwa povu la sabuni gesi ikiwa wazi, tukangoja, tukaangalia kama kuna kipovu kinachokua. Kimoja kilikua. Fundi akakikaza, tukapaka tena, kikatulia.

Pembeni na nyuma ya oveni tumeweka kinga ya bati, na kati ya bati na plaiwudi tumeacha nafasi ya sentimita mbili na nusu iliyo tupu. Fundi alitaka kuijaza kitu. Nimemwomba aiache, hewa ipande na joto litoke juu. Tuliwasha oveni hadi mwisho saa nzima, kisha akapeleka kiganja nyuma: plaiwudi ilikuwa vuguvugu tu.

Kengele ni mbili. Ya gesi iko chini, karibu na sakafu. Ya kaboni monoksaidi iko usawa wa mto wa kulalia. Watu huniuliza kwa nini mbili, kwani gesi si inanuka? Ile harufu imeongezwa kiwandani ili uvujaji ujulikane. Kaboni monoksaidi hutoka kwenye moto unaokosa hewa, nayo haina harufu wala rangi.

Novemba inaisha, kuisoma oveni

Kitufe kina namba 1 hadi 7, na namba hizo hazisemi lolote. Nimenunua kipimajoto cha oveni, kile cha mviringo cha kuning'iniza kwenye rafu, na hicho ndicho ninachokiamini. Kwenye 4, baada ya dakika 20, katikati ni nyuzi 190. Nyuma ni 225. Mbele, karibu na kioo, ni 165. Sanduku hili ni dogo kiasi kwamba mkono wangu unafika ukutani, na bado ndani yake mna tofauti ya nyuzi 60.

Ili nilione joto kwa macho, nilipanga vipande vya boflo juu ya rafu nzima, kimoja kando ya kingine, nikaviacha hadi vikaanza kugeuka rangi. Ukivitoa kwa mpangilio ule ule unakuwa na ramani. Vya nyuma kushoto vilikuwa makaa. Vya mlangoni vilikuwa vyeupe. Kilichonifundisha zaidi ni kuvigeuza: chini vyote vilikuwa vimeiva kuliko juu, hata vile vyeupe.

Hapo ndipo nilipoielewa oveni hii. Joto inalo. Inafika nyuzi 230 bila taabu. Tabu yake ni kwamba joto linatoka upande mmoja, chini, umbali wa kiganja kutoka kwenye chombo, na kuta zake ni bati jembamba lisiloweza kuhifadhi kitu. Bati la juu ya bana linamulika joto moja kwa moja kwenye kitako cha sufuria. Uso wa mkate unangoja hewa ipande na kuzunguka. Kitako kinamaliza safari uso ukiwa bado njiani. Anayeona mkate wake umeungua chini na kupauka juu atasema oveni haina nguvu, aongeze moto, na kitako ndicho kitakachozidi kuungua.

Jambo la pili ni ukubwa wa chombo. Sinia linalogusa kuta zote linaifungia hewa chini. Nimeweka kanuni ya vidole viwili kila upande, na sinia zangu zote za nyumbani zimeachwa nyumbani.

Desemba, jikoni kwa mama

Nilikwenda kwa mama kwa sababu ya mkate wa mayai. Ana oveni ya umeme ukutani, nzuri, na mkate wa mayai bado anaupika kwa makaa. Sufuria nzito juu ya jiko, makaa machache chini, na juu ya mfuniko makaa mengi. Huku ndiko kupalia. Nimeuona moto huo tangu utotoni, lakini safari hii nilikaa kwenye kibao nikautazama kama mwanafunzi.

Kwanza, makaa ya chini ni machache kweli, hayafiki nusu ya yale ya juu. Pili, hayapangwi katikati. Anayasukuma pembeni, duara, na katikati ya kitako cha sufuria panabaki na majivu. Tatu, hawashi yote kwa pamoja. Ya juu huja baadaye kidogo, mkate ukishaanza kuinuka. Anapitisha kiganja juu ya mfuniko, anaongeza kaa moja hapa, anatoa moja kule.

Nikamweleza kuhusu oveni ya gari. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Hilo sanduku lako lina moto wa chini tupu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi moto wa chini waunguza, mwanangu, haupiki. Upunguze. Na juu palia."

"Nitapalia vipi ndani ya gari? Makaa siwezi."

"Nani kakwambia ni makaa? Ni chuma cha moto. Tafuta chuma."

Yote niliyoyafanya baadaye ni maelezo ya sentensi hizo.

*Kupunguza chini.* Nimeweka kigae cha udongo wa kuchoma juu ya rafu ya chini, unene wa sentimita moja na nusu. Kisiwe kile chenye mng'ao wa kioo. Kiwe kitupu, kikavu kabisa, maana kigae chenye unyevu kinaweza kupasuka kikipata moto. Nacho ni kidogo kuliko rafu pande zote. Kwenye sakafu ya oveni hakiwekwi kamwe, wala sakafu hiyo haifunikwi kwa karatasi ya alumini kama wengine wanavyofanya ili isichafuke. Matundu yaliyo pale chini ndiyo pua ya bana. Ukiyaziba, mwali unakosa hewa, unageuka wa manjano, unatoa masizi, na ile kaboni monoksaidi inaanza.

Nimejaribu pia tawa zito la kupikia chapati mahali pa kigae. Lina uzito mzuri, lakini chuma kinapitisha joto upesi, na kitako cha mkate kiliungua vile vile, ila kwa usawa zaidi. Udongo una tabia mbili ninazozitaka. Unapitisha joto polepole, na kwa kila kilo unahifadhi karibu mara mbili ya chuma. Kigae kinachukua ule mwako wa bana na kuutoa kwa utulivu. Kipimajoto kimeniambia hivyo: nyuma imeshuka hadi 205, mbele imepanda hadi 180. Inachukua dakika zaidi kupasha, karibu 25 badala ya 15 au 20. Hizo nazitoa kwa moyo mkunjufu.

Faida nyingine sikuitarajia. Kabla ya kigae, nikifungua mlango kuchungulia, joto lilianguka kutoka 180 hadi kama 120 na kupanda kwake kulikuwa kwa uvivu. Sasa linarudi kwa dakika mbili tatu, kwani kigae kina akiba.

*Kupalia juu.* Tawa lililoshindwa kazi ya chini limepata kazi yake. Mkate ukishaingia, naliweka tawa juu ya bana ya jiko, moto wa wastani, dakika kumi. Mkate ukishajaa na uso wake kukauka, naliingiza tawa kwenye rafu ya juu, kwa glavu nene za ngozi na ndoano ya chuma aliyonitengenezea fundi. Linakaa vidole vinne juu ya mkate na kuumulikia joto kutoka juu. Kwa dakika saba uso unapata rangi ya mdalasini. Nimempelekea mama kipande. Alikigeuza, akaangalia kitako kwanza, kisha uso, kisha ndiyo akaonja. "Huu umepaliwa," akasema.

Januari, kaskazi

Sasa jua limekaa juu ya mji na hata usiku ukuta haupoi. Mchana nje ni nyuzi 32, na kuwasha kilowati moja na nusu ndani ya gari saa hizo ni kujitesa. Kuoka ni alfajiri au baada ya Isha. Donge linaumuka haraka mno kwa joto hili, mara nyingine chini ya saa, kwa hiyo nalikanda usiku kwa hamira kidogo na kuliweka kwenye kisanduku cha baridi. Alfajiri linatoka, linapumzika nikiwa msikitini, linaingia ndani.

Kuegesha nako kumekuwa sehemu ya mapishi. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Mlango wa ubavuni ukiielekea, upepo unaingia hadi kwenye bana, mwali unalala ubavu na oveni haipandi zaidi ya 150. Nikigeuza gari kisogo kiwe upande wa upepo na kufungua mlango upande wa pili, moto unasimama wima na hewa chafu inavutwa nje. Kule Tiwi, chini ya minazi, nimegeuza gari mara nyingi kwa sababu ya mkate, na sioni haya kuwaeleza majirani wa kambini kwa nini.

Dirisha la paa na tundu la sakafu viko wazi wakati wote oveni inapowaka. Hili halina mjadala hata mvua ikinyesha.

Februari, Ramadhani

Mwezi huu oveni imefanya kazi kuliko miezi yote. Tunafuturu mara nyingine garini, kwenye bustani ya Mama Ngina mbele ya bahari, na watoto wa ndugu zangu wanafika kabla ya adhana kwa sababu ya harufu.

*Mkate wa sinia.* Mchele umerowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira hadi ukawa uji mzito, ukaachwa ujae mapovu, kisha ute wa yai ukaingia mwisho. Siri iko kwenye chombo: lazima kiwe cha moto na chenye mafuta kabla ya kumimina, la sivyo mkate unashika. Kwa hiyo naanzia juu ya bana, moto mdogo, namimina, nasubiri vitundu vitokee pembeni, ndipo nahamishia ndani ya oveni juu ya kigae. Tawa linaingia mapema kuliko kwenye mkate wa ngano, kwani huu unapenda moto wa juu. Umetoka na matundu hadi kitakoni na uso wa dhahabu. Kati ya yote niliyooka humu, huu ndio ninaojivunia zaidi.

*Mkate wa mayai.* Mayai na sukari vinapigwa hadi vikawa vizito na vyeupe, unga unakunjwa kwa upole, basi. Hakuna hamira wala baking'i pauda, kinachouinua ni hewa iliyo ndani ya mayai, na ndiyo maana hautaki mlango ufunguliwe katikati. Kwa huu nimeacha kugeuza chombo nusu ya safari kama nifanyavyo kwa mikate mingine. Badala yake nimekisogeza mbele kidogo tangu mwanzo, mbali na ile kona ya nyuma kushoto. Unatoka umeinama kiasi upande mmoja. Watoto hawakulalamika.

*Nankhatai.* Biskuti hizi zimeumbwa kwa oveni ndogo. Unga, samli, sukari, iliki, vidonge vya ukubwa wa jicho la ng'ombe, nyuzi 160, dakika kama 20, hakuna tawa. Kila sinia ni kumi na mbili tu, lakini sinia moja ikiwa ndani nyingine inaandaliwa, na hamu ya mtu haikatiki.

Samaki nimewatoa kwenye orodha. Changu aliyepakwa ukwaju alitoka mtamu, lakini harufu ililala nasi hadi siku ya pili na mkate uliofuata ulinuka bahari. Samaki ni wa makaa, nje.

Machi, Wundanyi

Safari ya kwanza ya kupanda mlima. Barabara ya Voi ina malori na matuta, na matuta ndiyo adui wa kigae. Kinasafiri kimefungwa taulo, chini ya godoro. Rafu za waya zimebanwa kwa vitambaa ili zisigongane, na mlango wa oveni una komeo la pili tuliloongeza. Mtungi unafungwa kabla injini haijawashwa, safari yoyote, hata ya kuvuka feri ya Likoni tu.

Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani anaihisi tofauti kwenye mifupa. Donge lililokuwa likiumuka kwa dakika 50 Tiwi lilikaa hapa bila kusogea. Nikawasha oveni dakika mbili, nikaizima, nikaliweka ndani limefunikwa kitambaa. Likajaa. Tangu hapo oveni iliyozimwa ndiyo kabati langu la kuumulia kila penye baridi.

Usiku rafiki niliyesafiri naye alisema, "Si tuiache oveni iwake kidogo tupate joto?" Hapana. Oveni imetengenezwa iwake kwa muda, mtu akiwa macho na madirisha wazi. Ukifunga madirisha ili joto lisitoke, moto unakula hewa unayoivuta wewe, na hewa ikipungua mwali unaanza kutoa ile sumu isiyonuka, nyote mkiwa usingizini. Nilimpa blanketi langu la pili.

Baridi imenionyesha pia kitu ambacho Mombasa sikukiona: maji. Gesi ikiungua inatoa mvuke. Kila kilo ya gesi hutoa karibu kilo moja na nusu ya maji, kuzidi kidogo. Oveni yangu kwa saa moja inakula kama gramu 120, kwa hiyo inapulizia hewani karibu gramu 190 za maji, mbali na mvuke wa mkate wenyewe. Pwani mvuke huo unatoka na upepo. Huku uligonga vioo vya baridi na kutiririka hadi kwenye mbao za kitanda. Tulikausha kwa kanga, na asubuhi yake tuliacha mlango wa nyuma wazi nusu, tumevaa sweta.

Aprili, masika

Chumvi ya bahari haina huruma. Skrubu za mlango zilikuwa zimeanza wekundu, nimezibadilisha kwa za chuma cha pua. Rafu nazipangusa kwa maji matamu, nazikausha na kuzipaka mafuta ya kupikia kidogo kabla ya kuwasha. Unga na sukari vinakaa kwenye ndoo za kufunga kwa nguvu, kwani unyevu wa mwezi huu unageuza sukari kuwa jiwe.

Wiki iliyopita mwali ulikuwa wa manjano, umechoka, na kioo kikapata masizi. Nilizima pale pale. Fundi alifungua bana, na ndani ya jeti, kile kijitundu kinachotoa gesi, palikuwa na utando wa buibui, mwembamba kama uzi. Buibui hupenda vijitundu hivi, na gari likisimama bila kutumika wanajenga. Alipuliza kwa pampu ya hewa. Hakuingiza sindano, maana sindano inaweza kupanua tundu la jeti na kuharibu kipimo cha gesi. Mwali umerudi wa buluu.

Gesi naipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi wa samaki. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye shingo yake, unatoa, kinachobaki ni gesi. Oveni peke yake, kwa gramu 120 za saa, ingeumaliza mtungi wa kilo 6 kwa saa 50. Kwa kuwa jiko la juu nalo linakula, na tawa linapashwa huko huko, mtungi unakwisha mapema zaidi, lakini sijawahi kuishiwa katikati ya mkate, kwani siondoki na chini ya kilo moja na nusu.

Yaliyobaki. Ule uzi wa kuzuia joto pembeni mwa mlango umekuwa mgumu na upande wa chini unavujisha, fundi anatafuta wa upana ule ule. Kigae cha pili nimekipata, chembamba zaidi, nataka nikijaribu kwenye rafu ya juu nione kama kitasaidiana na tawa au kitaliondoa kabisa. Mpira wa gesi una tarehe yake ya mwisho, nimeiandika kwa rangi kwenye mlango wa sanduku. Safari inayofuata ni Shimoni kusi ikitulia, tutapita barabara ya Dongo Kundu, na mama amesema anakuja. Ameuliza kama tawa ni la kwake lile lililopotea jikoni. Ndilo.